Shahidi Asiyeamini

Sajini Cropper alimkuta Selina Ormerod amepiga magoti mlangoni pake, na hakuna mtu katika mtaa ule ambaye angedhani kwamba anasali. Alikuwa anasugua kizingiti kwa jiwe jeupe, kama wanawake wote wa Brackenshaw wafanyavyo kila Ijumaa, ili kikae safi angalau mpaka masizi ya viwanda yakiangukie tena.

"Bi Selina."

"Usikanyage."

"Sijakanyaga."

"Kiatu chako kinafikiria kukanyaga. Kirudishe nyuma."

Sajini akarudisha mguu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na Selina alimjua tangu akikimbia mtaani na kamasi puani, kwa hiyo kofia ya polisi haikumtisha.

"Nimekuja kwa ajili ya rafiki yako, Zillah Haworth. Jumatatu atasimama mbele ya mahakimu. Ni ile sheria ya wapiga ramli, wanaojifanya kusema na wafu ili kuwahadaa watu."

Selina hakuinuka. Jiwe lilikwenda likarudi, likaenda likarudi.

"Nani kamshtaki?"

"Walikuja wanawake wawili kutoka mji mwingine. Waliingia kwenye mkutano wake wa Jumapili wamevaa nguo za msiba. Mmoja akasema amefiwa na mume. Kumbe ni askari."

"Hebu nielewe," Selina akasema, na sasa akakaa juu ya visigino vyake. "Askari wa kike amevaa nyeusi, amejiliza machozi ya uongo kwa mume asiyekuwapo. Halafu anayeshtakiwa kwa kujifanya ni Zillah?"

"Sheria sikuitunga mimi, mama."

"Hapana. Wewe umeibeba tu, kama punda."

Sajini akajikohoza. Alikuwa bado hajamaliza. "Wanakutaka wewe uwe shahidi. Upande wetu. Mji mzima unajua unavyosema. Ulisema kwenye foleni ya duka la ushirika, mke wangu akisikia, kwamba wafu wa Zillah hawana kazi ya kufanya, kwa sababu wangekuwa nayo wasingekuja kila Jumapili kuulizia mafua ya watu."

"Nilisema."

"Basi njoo useme vilevile."

"Na nisipokuja?"

"Utaletwa."

"Nitakuja kwa miguu yangu," Selina akasema. "Ondoka kwenye mwanga."

Wanawake hawa wawili walikuwa wamesimama ubavu kwa ubavu katika banda la kufumia nguo tangu wasichana, nusu siku darasani na nusu siku kiwandani. Ndani ya banda lile mashine mamia hupiga kwa pamoja, na sauti ya binadamu haina pa kupita. Kwa hiyo wafumaji wa kule husema kwa midomo bila sauti. Huivuta midomo na kuitanua, na mwenzao aliye ng'ambo ya banda husoma kila neno, hata la umbea. Mtu akishazoea hivyo hawezi kuacha. Kanisani mhubiri huhubiri, na juu ya vichwa vya watoto wanawake huulizana bei ya viazi, naye asijue. Mungu mwenyewe bila shaka alijua.

Vita vilipokuja, vilimchukua Enoch, mume wa Selina, na Wilfred, mtoto pekee wa Zillah. Enoch alizikwa; rafiki yake aliyemzika alikuja na kumsimulia Selina mpaka rangi ya udongo. Wilfred hakuzikwa na mtu. Iliandikwa tu kwamba haonekani. Pengine hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwa kati yao. Mmoja alionyeshwa mwisho, mwingine hakuonyeshwa. Mwaka mmoja baadaye Zillah akaanza kusikia sauti, kwanza ya Wilfred, kisha za wengine, na wanawake waliofiwa wakaanza kuja kwake, katika chumba cha juu ya duka la fundi wa viatu vya mbao. Hakutoza kitu. Waliimba nyimbo za dini, wakafumba macho, naye akawaambia aliyoyasikia.

Kanisani walimkemea Zillah kwa sababu Maandiko yanakataza mambo hayo. Selina walimkemea kwa sababu tangu Enoch afe hakukanyaga kanisani kabisa. Kwa hiyo walikemewa pamoja, na jambo hilo liliwapatanisha kuliko mahubiri.

"Enoch amesimama nyuma yako," Zillah alimwambia siku moja wakila mkate wakati wa mapumziko.

"Mwache asimame. Viti vyenyewe havitoshi."

"Anacheka."

"Basi siye. Enoch hakucheka vichekesho vyangu hata mara moja."

Lakini kila Jumapili, mkutano ulipokwisha, Selina alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje za duka lile, amejifunga shali, akimngoja Zillah ili amshike mkono amrudishe nyumbani. Kifua cha Zillah kilikuwa kimejaa vumbi la pamba, na ukungu wa kule si wa kuchezea. Selina hakuingia ndani hata mvua iliponyesha. Watu walimtania kwamba ni mbwa wa kipofu. Aliwajibu kwamba mbwa wa kipofu ndiye pekee anayeona njia.

Jioni ile ile ya Ijumaa akaenda kwa Zillah. Alimkuta anakula utumbo wa ng'ombe kwa siki na vitunguu, dirisha limefungwa, birika linachemka ili mvuke ulainishe kifua.

"Umekuja kunishawishi," Zillah akasema kabla Selina hajavua shali.

"Nimekuja kula."

"Sahani ile pale. Umekuja kunishawishi."

Selina akajipakulia. Alikula kidogo, akaweka uma chini. "Watakufanya nini?"

"Karani wa mahakama kaja mwenyewe. Mtu mzuri, kavua kofia. Kasema nikisimama niseme nilikuwa najifanya na sitarudia, narudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikikataa, ni mwezi mmoja gerezani."

"Gereza lile la mawe?"

"Hakuna jingine."

"Maji yanachuruzika ukutani mle, hata kiangazi. Annie Tumblety alitoka mle hawezi kupanda ngazi, naye kifua chake kilikuwa kama cha farasi." Selina alimtazama rafiki yake: mabega yaliyobaki mifupa, rangi ya buluu pembeni mwa midomo. "Sema hilo neno, shoga yangu. Wape wanalotaka uje nyumbani."

"Siwezi."

"Unaweza. Ni neno tu."

"Wewe wakikutisha na jela, utasema unaamini?"

"Mimi sina kifua kibovu."

"Sikukuuliza habari za kifua."

Selina akaisukuma chupa ya siki mbali naye. Akasema, "Wameniita nitoe ushahidi. Unajua?"

"Najua. Utasema nini?"

"Kweli. Kwamba mizimu hakuna."

"Si mizimu, Selina. Ni watu." Zillah akakohoa kwa muda mrefu, akafuta midomo. "Sema kweli yako. Nami nitasema yangu. Kisha tuone mahakimu watazipika vipi katika sufuria moja. Ongeza kitunguu, unakula kama padri aliyefunga."

Jumatatu kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa kukosa kazi, kwa hiyo wafumaji wote walijaa mahakamani, shali kwa shali, katika viti vya nyuma. Walikuwamo waliokwenda kwa Zillah kila wiki na walioapa hawatakwenda kamwe. Mbele, kwenye meza ya juu, waliketi mahakimu watatu. Mwenyekiti alikuwa Kanali Peverell, mwenye kiwanda. Kulia kwake aliketi mke wa daktari, mwenye glavu za kijivu. Kushoto Diwani Jabez Whittam, mfanyabiashara wa makaa, mzee mwenye mnyororo wa saa tumboni ambaye kwa kawaida husinzia mpaka wakati wa hukumu.

Zillah alisimama kizimbani ameshika chuma kwa mikono miwili.

Askari wa kike, Bi Garside, alitoa ushahidi wake vizuri, bila kutetereka. Alisema alimwambia mshtakiwa kwamba mumewe aitwaye Harold alifia vitani. Mshtakiwa akafumba macho, akasema yuko hapa, ana kovu kidevuni, anasema hasikii baridi tena.

"Na wewe una mume?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Sijapata kuolewa, bwana."

Nyuma, mtu mmoja akaguna. Mwendesha mashtaka, kijana mrefu mwenye tai iliyobana, akamgeukia Zillah kama mtu aliyekwisha kula na sasa anatafuta kijiti cha meno.

"Basi tuambie, mama. Alikuwa nani huyo mume mwenye kovu, ikiwa Harold hakupata kuzaliwa?"

Zillah alifikiri kweli kweli. Selina, akiwa benchi la mashahidi, aliona anavyofikiri, akafumba ngumi ndani ya shali.

"Sijui," Zillah akasema. "Kama hakuwa wake, basi alikuwa wa mtu mwingine. Wako wengi ambao hakuna anayewaita, Mheshimiwa. Wengine mama zao wamekufa. Wengine hawakuwa na mama. Mtu amekaa kimya miaka yote hiyo, asikie mwanamke analia mume, hata jina likiwa si lake, atakuja tu. Wewe usingekuja?"

Katika viti vya nyuma mwanamke mmoja akajifunika uso kwa shali.

Upuuzi mtupu, Selina akajiambia. Lakini alijikuta ameinama mbele ili asikie zaidi, naye akajikasirikia.

Kisha akaitwa yeye. Karani akamletea Biblia, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Siapi kwa hiyo. Nitaahidi kusema kweli, inatosha."

Kanali akakunja uso. "Huamini kitabu hiki?"

"Ningekiapia bila kukiamini, mngenifunga kwa kujifanya."

Vicheko vikapita nyuma. Karani akamwahidisha. Mwendesha mashtaka akatabasamu, maana huyu alikuwa shahidi wake.

"Bi Selina, umemfahamu mshtakiwa maisha yako yote. Je, wafu huzungumza naye?"

"La. Mtu akifa amekufa. Ningependa iwe vingine, lakini kupenda kwangu hakujamwinua mtu kaburini."

Zillah hakumtazama. Wanawake wa nyuma wakanong'onezana. Wengine walimkata Selina jicho.

"Asante. Kwa hiyo mshtakiwa anajifanya."

"Sikusema hivyo."

"Mama, ama anazungumza na wafu, ama anajifanya kuzungumza nao."

"Ama amekosea. Mbona hiyo umeiruka? Au kule ulikosomea hawakosei?"

"Nakuomba ujibu—"

"Najibu. Zillah anasikia kitu, anakisema kama alivyokisikia. Mimi nasema ni huzuni yake inayosema. Yeye anasema ni Wilfred. Tumebishana mpaka mashine zimechoka kutusikiliza. Lakini sijamwona akisema asichokiamini, hata kwa adabu. Muulizeni mtu yeyote aliyemwonyesha kofia mpya."

"Mtu anayewaambia wajane mambo yasiyo kweli," mwendesha mashtaka akasema, akipandisha sauti, "mtu anayewapa matumaini ya bure—"

"Afungwe?"

"Ndivyo sheria isemavyo."

Selina akageuka. Alimwacha kijana yule na kuitazama meza ya juu, na wote waliomjua walijua kwamba sasa hashikiki.

"Kanali, mwaka ule vita vilipoanza ulisimama kwenye ngazi za ukumbi wa mji, bendi inapiga nyuma yako. Uliwaambia vijana wetu watakuwa nyumbani kabla ya Krismasi. Enoch wangu alikuwa mstari wa mbele. Wilfred wa Zillah alikuwa nyuma yake, kofia imempwaya. Ulitupa matumaini ya bure, tukakupigia makofi. Sasa nakuuliza mimi. Ulikuwa unajifanya, au ulikosea?"

Damu ilimpanda Kanali shingoni, ikashuka, ikapanda tena.

"Shahidi atayafuta maneno hayo na kuomba radhi."

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Utakaa chini. Jambo lako nitalishughulikia mwisho." Kanali alinywa maji. Kisha akamgeukia Zillah, na kwa haki ya Mungu alijaribu kusema kwa upole. "Mama Haworth. Hakuna anayetaka kukuona gerezani. Sema tu kwamba ulikuwa unajifanya, uahidi kuacha, uende nyumbani. Nakupa muda ufikiri."

Karani akachovya kalamu. Mwendesha mashtaka akapanga karatasi. Waliokuwa mbele wote walidhani chumba kimenyamaza.

Kumbe Selina alikuwa ameinua uso, na midomo yake ilikuwa imeanza.

*Sema.*

Kizimbani, midomo ya Zillah ikajibu. *Sisemi.*

*Ni upepo tu. Unatoka mdomoni, unapotea.*

*Basi sema wewe. Sema unaamini.*

*Nitasema siku nitakayotoka kuzimu kwa baiskeli.*

Nyuma mtu akacheka kwa pua. Vichwa vya wafumaji wote viligeuka kwa Zillah, vikarudi kwa Selina, kama watu wanaotazama mpira.

*Unaona basi,* midomo ya Zillah ikasema. *Wewe huwezi kudanganya, mimi ndiye niweze?*

*Utakufa mle ndani, mjinga wewe.*

*Nikifa nitakuja kukwambia.*

*Sitakusikia!* Selina alikuwa ameshika ukingo wa benchi, na midomo yake ilitanuka kama vile mashine zote za Brackenshaw zinapiga kati yao. *Hilo hujalielewa. Wewe una Wilfred, una mama yako, una nusu ya makaburi ya mji. Mimi ninaye wewe. Ninaye mpaka pumzi yako ya mwisho, na baada ya hapo sina kitu. Hakuna atakayesimama nyuma yangu. Sema nilijifanya, urudi nyumbani, kisha jioni uniambie ulikuwa unadanganya mahakama. Nitakubali. Nitakubali chochote.*

Hakuna aliyecheka sasa. Machozi yakamshuka Zillah bila yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa imeshika chuma.

*Najua,* midomo yake ikasema. *Lakini tazama nyuma yako, mwenzangu. Tazama Hetty. Tazama Martha Shuttle. Nikisema nilijifanya, wale watoto wao wanakufa mara ya pili leo, kwa mkono wangu. Sisemi. Hata kwa ajili yako.*

Mwanamke aitwaye Hetty akalia kwa sauti, na Kanali akagonga meza.

"Kuna nini huko nyuma? Hakuna mtu aliyesema neno!"

"Wamesema mengi, Mwenyekiti," Diwani Whittam akasema.

Hakuwa anasinzia. Pengine hakuwa amesinzia tangu asubuhi. Selina alimtazama mzee yule na mnyororo wake wa saa, na hapo ndipo alipokumbuka. Kabla ya makaa, kabla ya udiwani, Jabez Whittam alikuwa fundi wa mashine katika banda lile lile, akipita kati ya wafumaji na mafuta chini ya kucha zake. Mwanamke wa mji mwingine, mwenye siri ya kumwambia mwenzake mahakamani, angenong'ona au angenyamaza. Ni wa Brackenshaw tu ambaye angeipigia kelele bila sauti mbele ya watu wote, akiwa na hakika kwamba yuko faragha.

"Wanazungumza kwa midomo," Diwani akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza kiwandani kwako, Kanali, kwa sababu ya mashine zako. Zile hukupata kuzisimamia mwenyewe."

"Na wamesema nini?"

Selina akasimama. "Jabez, hayo hayakuwa yako!"

"Yalikuwa ya macho yangu, Selina. Ungefunga mdomo." Mzee akayasema yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile aliyouzia makaa, wala hakuacha ile baiskeli. Alipofika penye *ninaye wewe*, mke wa daktari akaanza kuvua glavu zake, kidole kwa kidole, bila sababu.

"Sasa," Diwani akasema, "mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya chumba kile siyapendi, na nikikutana na mama huyu barabarani nitamwambia asome Maandiko. Lakini tumeletewa mashtaka ya kujifanya. Mtu anayejifanya, anapodhani sisi ni viziwi, na rafiki yake wa roho anamsihi aseme neno moja aende nyumbani, mbona hasemi? Askari mwenye nguo za msiba amejifanya. Tumemlipa ajifanye. Huyu sijamwona akijifanya."

Mahakimu wakainamiana. Hawakuinamiana kwa muda mrefu. Ilionekana dhahiri kwamba wawili walikuwa upande mmoja na mmoja upande wa pili, kwa sababu Kanali alipoisoma hukumu aliitafuna kama changarawe.

"Mashtaka yamefutwa."

Viatu vya mbao vikapiga sakafu, vyote kwa pamoja, mpaka vumbi likaruka kwenye mbao. Hata wale waliomwogopa Zillah kama ukoma walipiga. Zillah alibaki ameshika chuma, mdomo wazi, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa.

"Kimya! Selina Ormerod, simama."

"Nimesimama."

"Umeitukana mahakama hii na umemshawishi mshtakiwa aseme uongo mbele yake. La pili naliachia, kwa sababu hakukusikiliza. La kwanza utaliomba radhi."

"Lile la Krismasi?"

"Lile."

Selina alifikiri kama Zillah alivyofikiri, kwa haki. Alimwona Kanali ni mzee. Alijua kwamba naye alikuwa na kijana aliyekwenda na akarudi bila miguu. Kama Kanali angesema *nilikosea*, angemwomba radhi papo hapo, na pengine angelia. Alimngoja aseme. Kanali hakusema.

"Siombi," akasema.

"Basi ulipe faini, au siku saba gerezani."

"Silipi."

"Nitalipa mimi!" Zillah akapiga kelele kutoka kizimbani, kwa sauti kamili sasa, mpaka kifua kikamkamata akajikunja. "Nitalipa, mwacheni!"

"Ukilipa, sikai kwenye ngazi zile tena," Selina akasema.

"Mpumbavu we! Mimi nafunguliwa, wewe unafungwa, hiyo ni akili gani?"

"Ni akili ya mtu mwenye kifua kizima."

"Na umesimama mbele ya mji mzima ukasema nimekosea!"

"Umekosea."

"Sikukosea!"

"Yule mume hakuwapo, Zillah!"

"Alikuwapo! Alikuwa na kovu!"

Kanali akagonga tena, lakini hakuna aliyemsikiliza. Wanawake wa nyuma walikuwa wamesimama wote, na askari walipowaambia watoke, wakaketi. Wakaambiwa tena, wakajifunga shali vizuri zaidi. Hetty akatoa sweta aliyokuwa anafuma, akaendelea.

Sajini Cropper akamshika Selina mkono kwa adabu, kama mtu anayeshika sahani ya wenyewe, akampeleka chini penye meza ndogo ambako wafungwa huandikwa kabla ya kupakiwa. Zillah akawafuata mpaka mlangoni, akashikilia nguzo, pumzi zikimpiga filimbi.

"Jina ninalo," Sajini akasema, akiandika taratibu. "Mtaa ninao. Dini?"

"Sina."

"Lazima niandike kitu, mama. Kuna mchungaji hupita mle Jumatano. Lazima ajue aingie chumba gani."

"Asiingie changu."

"Mwandikie yangu!" Zillah akasema kutoka mlangoni. "Mimi ninayo ya kututosha wawili."

"Thubutu," Selina akamwambia Sajini.

Kalamu ya Sajini ilibaki hewani. Alimtazama yule wa mlangoni, akamtazama yule wa mezani, nao wote wawili walikuwa wamemkazia macho. Mwishowe akapiga mstari mtupu, akafunga kitabu.

Selina akainua pindo la sketi yake asikanyage matope ya uani, akapanda gari la polisi mwenyewe, bila kusaidiwa.